Walioandikwa kwa Penseli

Nilifundisha hesabu miaka kumi na mmoja, kisha nikasomea ukatibu muhtasi jioni. Mwalimu mkuu wangu alinipunguzia vipindi niwahi kozi, walimu wenzangu wakamnunia muhula mzima. Leo nakaa mbele ya mlango wa mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi, na hapiti mtu bila mimi. Mume wangu hunitania, "Wewe mama, hata malaika akija utamuuliza kama ana miadi."

Kazi hii ina ujanja wake. Kwenye shajara ya bosi, watu wasioguswa mimi huwaandika kwa wino: wizara, benki, mkewe. Wengine wote ni penseli, maana ndio wa kusogezwa.

Mwalimu mkuu wangu yuleyule alikuja kuomba dakika kumi. Kampuni ilitaka kupitisha njia ya malori katikati ya uwanja wa shule, na ramani ingetiwa saini Ijumaa. Nikamwahidi Alhamisi, saa nne. Nikamwandika kwa penseli. Hakuna aliyenituma, mkono ulishazoea.

Alhamisi asubuhi wizara wakapiga simu wakitaka saa nne hiyohiyo. Nikamfuta bila kufikiri mara mbili. Alipofika, shati limepigwa pasi hadi mikono, haya zikanishika.

"Bosi amepata dharura, Mwalimu. Subiri kidogo."

Akasubiri hadi saa saba. Nikampa Jumatatu.

"Haya binti yangu, wewe ndiye unayejua."

Nilijua, tena sana. Mwalimu mzima wa hesabu, nishindwe kujua kuwa Jumatatu inakuja baada ya Ijumaa? Kesho yake nilimpelekea bosi ramani kwa mikono yangu mwenyewe, nikafyata ulimi nisije nikaonekana nimeboronga kazi. Roho ilinisuta, nami nikaiacha inisute.

Jumatatu bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Mzee wangu, jambo lenyewe dogo! Njia tungeisogeza tu. Sasa nimeshasaini, na ramani imeshakwenda wizarani. Mbona hukuja wiki iliyopita?"

Mwalimu mkuu akanitazama, kisha akatazama mikono yake.

"Nilichelewa mwenyewe, mkurugenzi. Shughuli za shule zilinibana."

Nilikuwa nimeketi pembeni nikichukua kumbukumbu za kikao. Nikaandika: Mwalimu mkuu alikiri kuchelewa.