Nyayo Kwenye Sima

Aibu hii niliipata wiki jana hapa mjini Baraka, na ni afadhali niisimulie mwenyewe. Mimi ni msimamizi katika shirika dogo linalowajengea maskini nyumba. Siku hiyo tulikuwa tunamkabidhi nyumba Mama Nabindu, mjane aliyekimbia vita kutoka Kilembwe. Nilipofungua mlango, nikakuta nyayo zimezama katika sima, yaani saruji, ya sakafu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikawaka. Nikawaambia majirani waliokuja kushangilia kwamba sitatoa ufunguo mpaka mkosaji ajitaje. Mama Nabindu akawatazama watoto wake kwa hofu.

Fundi Amisi, mjenzi wetu, akachuchumaa, akazikagua zile nyayo.

“Chefu, huyu muntu alivaa botte,” akasema polepole. “Batu bote hapa beko na kandambili.”

“Basi mwenye buti ni nani?” nikafoka.

Wote wakatazama buti miguuni mwangu. Ndipo nikakumbuka kwamba jana yake jioni niliingia mle, sima ikiwa bado mbichi, nikiongea kwa simu, nikasogea dirishani kutafuta rezo, maana mtandao ulikuwa unakatika.

Nikamnyooshea Mama Nabindu ufunguo.

“Haina shida, chefu,” akasema. “Tutaacha nyayo zako vile. Batu bajue ulifika.”