Mpishi wa Kombania ya Tatu

Historia ya ile divisheni ya akiba imeshaandikwa na maofisa wake. Ni kitabu kinene chenye ramani na mishale kila upande, na humo ndani huoni sufuria hata moja. Gottlob Rieger aliijua historia hiyohiyo kwa upande wa tumbo. Alikuwa mpishi wa Kombania ya Tatu, mwenye lile jiko la magurudumu lililokokotwa na farasi wawili, ambalo wanajeshi walilibatiza jina la mzinga wa supu.

Watu wa akiba si vijana. Ni wanaume waliokwisha kutumikia jeshi, wakarudi kwenye mashamba na karakana zao za Württemberg, Ujerumani, wakaoa, wakaota vitambi, kisha tarumbeta ikawaita tena wakati wa mavuno ya mwaka wa 1914, Vita Kuu ilipoanza. Walipanda garimoshi wakiimba. Kwa Gottlob ule ulikuwa mwaka wa nyama, na nyama ilikuwa tele. Kule Flandria, Ubelgiji, kila asubuhi alipofunua njegere kavu zilizopikwa pamoja na nyama ya nguruwe ya moshi, watu walitoka mahandakini mmoja mmoja wakiifuata harufu kama ng'ombe wanaofuata chumvi. Hakuhitaji kupiga kengele.

Mwaka wa kumi na sita, kwenye mto Somme kule Ufaransa, alipika chakula cha kombania nzima, na wabebaji wakarudi na vyombo vimejaa. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Gottlob aliimwaga supu nyuma ya ukuta wa kanisa lililobomoka, akalia, kisha akawasha moto mwingine, maana walikuwepo waliobaki. Baadaye zikaja mboga za kukaushwa, ngumu na zenye miiba, ambazo watu waliziita seng'enge. Baada ya seng'enge wakaliwa farasi.

Mwaka wa mwisho wa vita ikaja gesi ya sumu. Wengine iliwapofua, wengine iliwaua, na Gottlob ilimchukua pua. Alipona vizuri, lakini harufu haikurudi. Alivuka mto Rhine kurudi nyumbani wakati wa baridi, nyuma ya kombania iliyokonda, akipika asichoweza kukinusa. Habari hizo alimwambia mtu mmoja tu, mkewe Pauline.

"Hata mkate ukitoka jikoni husikii?" Pauline alimwuliza.

"Hata mkate."

"Na mimi je?"

Gottlob akainamisha kichwa. Pauline akacheka, akampiga begani kwa kitambaa cha vyombo. "Basi afadhali. Sabuni sasa nitanunua ya bei rahisi."

Walikuwa na baa waliyoirithi kwa baba yake Gottlob, jina lake Kulungu, karibu na stesheni. Wakulima wa Swabia, yaani wa huko kwao, wana ndimi za kuchoma, na mwenye baa asiyesikia chakula kikiungua wangemfanya kichekesho cha wilaya nzima. Kwa hiyo Pauline ndiye aliyekuwa pua ya nyumba ile. Gottlob alikata, akasonga, akakoroga, na Pauline, akipita na sahani mkononi, alisema chini kwa chini: "Punguza moto." Au: "Majani bado." Wageni walidhani wanasengenya.

Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba watu wa Kombania ya Tatu walikuja Kulungu kula njegere. Walikuja kwa garimoshi na kwa baiskeli. Sajini Meja Eugen Maurer, ambaye sasa alikuwa karani wa posta, walimwita bado Afande, na mwenyewe hakukataa. Karl Dobler, aliyekuwa mbeba vyombo vya chakula mpaka mahandakini, siku hizi alikuwa fundi viatu, na mdomo wake ulikuwa haujapata likizo tangu azaliwe. Walikunywa pombe ya matofaa, wakaimba, wakataniana juu ya vitambi vilivyorudi. Na kila mwaka Karl alionja kijiko cha kwanza, akafumba macho, akasema, "Ndiyo hii, jamani. Ileile ya Flandria."

Gottlob aliishi kwa maneno hayo mwaka mzima. Kwake yeye, ile divisheni haikuvunjwa siku waliyokabidhi bunduki. Ilikuwa bado ipo, imefungwa kwa kamba moja tu, na kamba hiyo ni supu yake. Aliipenda ile miaka, hata ile mibaya, kwa sababu ndiyo miaka aliyokuwa na pua na marafiki wote pamoja.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa ishirini na tisa, Pauline akashikwa na kifua, akafa. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na Gottlob aliumbuliwa na kifo cha mtu mwingine. Kiangazi chote Kulungu iliuza mkate, jibini na vinywaji, basi. Wateja walidhani ni majonzi, na majonzi kweli yalikuwepo, mazito, ya kumkaa mtu shingoni. Lakini Novemba ilikuwa inakuja. Angeweza kuwaandikia wenzake wasije. Au angeweza kumwita jirani aje amnusie. La pili aibu ilimshinda, na la kwanza lilimtisha zaidi. Watu wale walikuwa wanazeeka. Wakikosa mwaka mmoja watazoea kukosa, na divisheni ambayo Waingereza na Wafaransa hawakuweza kuimaliza itamalizwa na pua ya mpishi. Akaamua kupika.

Jumapili ile alipika kwa macho na masikio. Mambo yalikwenda vizuri mpaka garimoshi lilipopiga honi. Wenzake wakaingia wakiwa wamevua kofia, wakamkumbatia, na Karl, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alimshika mkono tu, akaendelea kuushika. Wengi wao hawakuwahi mazishi. Gottlob hakuweza kuwakatisha. Aliporudi jikoni akakoroga sana, akaona kipande cheusi kikielea, akakiopoa, akamshukuru Mungu kuwa ni kimoja.

Akapakua. Vijiko vikashuka, vikapanda. Kisha vikalazwa mezani kimoja kimoja, cha Karl Dobler cha kwanza.

"Vipi?" Gottlob aliuliza, upawa bado mkononi.

"Imeungua," alisema Eugen Maurer.

"Sana?"

Alijua papo hapo kuwa amejimaliza. Hakuna mpishi anayeuliza swali hilo, labda asiye na pua.

"Kaa, Gottlob," Eugen alisema.

"Afande, niseme kitu."

"Huna la kusema. Tunajua tangu Novemba ya kwanza. Ulimwuliza shemeji kama nyama inanuka kuiva, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Karl alisikia."

"Na likisikiwa na Karl," alisema Hermann Roth, mwenye ng'ombe, kutoka mwisho wa meza, "limesikiwa Stuttgart."

Gottlob akakaa. Uso ulikuwa unamwaka. "Mbona hamkusema?"

"Tuseme tufe?" Karl sasa alipata ulimi wake. "Shemeji alituweka foleni pale uani, na mimi wa kwanza. Akasema atakayekucheka akale kwa mama yake. Na mama yangu, kaka, mapishi yake unayasikia tu."

Wakacheka kidogo. Karl akakivuta kijiko chake, akaonja tena. "Na tuwe wakweli. Leo ndiyo supu ya Flandria. Wewe ulikuwa unaunguza hata ulipokuwa na pua yako nzima. Miaka yote hii supu tuliyokuwa tunaisifia ni ya shemeji."

Wakacheka wote, na Gottlob akajaribu kucheka nao, ikashindikana. Lilimwuma. Alidhani amewafungia vita vyao ndani ya sufuria, kumbe walikuwa wanakula mapishi ya Pauline.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakuja kwa ajili yake," alisema.

Eugen alifikiri kabla ya kujibu. "Ile vita nimeshaisahau nusu. Watoto wakiniuliza habari za divisheni, najaribu kuona mahandaki, naona meza hii, na shemeji anapita na sahani. Vita ilitulisha miaka minne. Yeye ametulisha zaidi."

"Basi imekwisha," Gottlob alisema. "Peke yangu siwezi. Mmeonja wenyewe."

Eugen alisimama, akafunga vifungo vya koti, na watu wote wakaketi wima, maana ulikuwa wakati wa kuitana majina, kama kila mwaka. Aliyaita bila karatasi, majina yote ya kombania, wazima na wafu, kwa mpangilio uleule wa zamani. Mzima alijibu "Nipo." Aliyekufa alijibiwa na yule aliyekuwa karibu naye siku ya mwisho, na jibu lilikuwa moja tu: yuko likizo.

"Dobler, Karl."

"Nipo."

"Kienzle, Wilhelm."

"Yuko likizo, Afande," Karl alijibu tena, taratibu, kwa niaba ya Kienzle wa Somme.

Majina yakaenda, mengi yako likizo.

"Rieger, Gottlob."

"Nipo."

"Rieger, Pauline."

Karl akainua macho, akayashusha. Wote walitazama sahani zao. Hapakuwa na mwingine wa kujibu, maana siku ile ya mwisho aliyekuwa karibu naye, ameushika mkono wake tangu asubuhi, alikuwa mmoja tu. Gottlob akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Yuko likizo, Afande."

Eugen akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

"Roth, Hermann."

"Nipo," alijibu Roth, na akamsogezea Gottlob sahani yake aongezewe supu.