Goti la Dhahabu

Jirani yangu Chausiku anasema yule mzee Mkomoro aliyekuja Korogwe kutibiwa amewekewa goti la dhahabu, ndiyo maana analitembeza polepole, lisichakae. Mimi ninayeuza uji kwenye hosteli ya hospitali namwona kila asubuhi. Anakaza kikoi, anakunywa uji wake bila sukari, kisha analipigapiga goti kama mtu anayeamsha punda: "Haya bwana, twende." Basi anatembea barazani, vidole vimeganda ukutani. Nesi Rosina humtania, "Mzee, harusini kwa binti yako utaenda na ukuta wetu?" Anacheka, ila hauachii.

Leo mwanangu Shamimu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alipita mbele yake akiyumba, akaanguka, akainuka mwenyewe. Mzee akamtazama, akapiga hatua, akapiga nyingine, mikono yote hewani, ukuta ameuacha kule. Shamimu akaanguka tena, nikakimbia kumnyanyua.

"Mama Shamimu," mzee akaniambia, jasho likimtiririka, "nakuomba usimbebe. Mwache anitangulie mpaka getini."