Rejista Ambayo Salha Hakuichoma

Salha Iqbal aliajiriwa mwaka 1991 kuwa karani wa masjala katika kamandi ya mafunzo ya kanda, Arusha. Hakuwa askari. Kila asubuhi alitembea kutoka Kaloleni, akapokea barua na kupanga majalada ya kuruta waliopita pale tangu kamandi ilipoanzishwa.

Mwaka 2004 kamandi ilihamia majengo mapya Elerai. Mchwa walikuwa wameshakula nusu ya majalada ya zamani, ikaamriwa yote yachomwe. Salha aliyachoma, isipokuwa rejista moja ya kuruta wa mwaka 1978, waliofundishwa chini ya Mlima Meru wakati wa vita vya Kagera. Ilikuwa nzima, mwandiko unasomeka. Aliificha nyuma ya kabati la ofisi mpya na hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo, kila alipoingia mkaguzi, alikwenda kusimama mbele ya kabati hilo.

Mwaka jana alikuja mkulima wa Usa River, mzee Elimringi. Kaka yake Dismasi aliondoka nyumbani mwaka ule wa vita akisema anakwenda jeshini, hakurudi. Kijijini walisema alikimbilia Kenya, na baba yao alikufa akiamini hivyo. Afisa wa zamu alimweleza kwa upole kwamba kumbukumbu za wakati ule hazipo tena.

Salha alimkuta mzee getini, akamwamkia, akamwomba asubiri. Kisha alichukua rejista, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kamandi na kumweleza yote. Kanali alimuuliza kwa nini hakuichoma.

"Ni majina ya watu, afande. Nilishindwa."

Dismasi alikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Alikula kiapo, akafaulu shabaha, akaondoka na kikosi kwenda mstari wa mbele tarehe nne Desemba. Zaidi ya hapo hakikuandikwa kitu. Mzee aliitwa ndani akasomewa, akaomba asomewe tena.

"Basi hakukimbia," alisema.

Salha alipewa barua ya onyo kwa kukaidi amri. Wiki mbili baadaye kanali alimwita tena: yeye kanali alikuwa ametakiwa kuandika historia ya kamandi, na sura ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu tu. Akampa kompyuta, akamwambia anakili majina yote ya rejista.

Mwezi wa nane familia ya Elimringi ilifanya ibada ya kumkumbuka Dismasi. Salha alialikwa. Alikwenda na binti yake, wakakaa benchi la nyuma kanisani, wakabaki mpaka chakula.