Mlenda Usio na Mchanga

Nilijua mama yangu anaumwa siku mlenda wake ulipokosa mchanga.

Cheka tu. Hata mke wangu Evarista alicheka, na yeye alikuwa anajua kila kitu.

Naitwa Elisha, nachomelea mageti hapa Kizota. Mama yuko Hombolo, ana eka moja ya zabibu. Kila mwezi ananitumia kifurushi cha mlenda mkavu, mboga ya majani aliyoitwanga mwenyewe na kuifunga kwa kipande cha khanga yake. Anauanika juu ya jabali nyuma ya nyumba, upepo unaleta vumbi, kwa hiyo ukila lazima kitu kikwaruze menoni. Nimemtania miaka yote.

Anajibu, "Huo ni mchanga wa kwenu. Kula."

Basi Jumapili moja, mwezi wa nane, tumetoka kanisani, Evarista akaniwekea ugali na mlenda. Tonge la kwanza laini. La pili laini. Nikamuuliza mlenda umetoka wapi.

"Kwa mama. Si alituma juzi?"

Nikamwambia hauna mchanga. Ndiyo hapo akacheka, akasema labda mama amenunua chekecheke.

Mimi sikucheka. Nilishaanza kuogopa na sijui nilikuwa naogopa nini.

Nikapiga simu ya mama. Akapokea Ruthu, dada yangu anayeishi naye. Akasema mama yuko shambani, anapogoa zabibu.

Jumapili! Mama ambaye hajawahi kukosa kwaya ya akina mama. Halafu mwezi wa nane watu tunachuma zabibu, nani anapogoa? Ruthu kakulia kwenye hizo zabibu. Kosa kama hilo hafanyi mtu aliyetulia.

Nikamwambia mke wangu naenda Hombolo sasa hivi.

Akainamia sahani. "Subiri hata Jumamosi, baba Hana."

Nikawasha pikipiki.

Kitu cha kwanza nilichotazama nilipofika ni lile jabali. Lilikuwa tupu, hata jani moja halikuwepo.

Mama alikuwa kitandani. Mdomo umevutwa upande, mkono na mguu wa kulia haviendi.

"Mbukwa, mama," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, kama anavyonisalimia yeye kila nikimpigia simu.

Akafungua mdomo. Haikutoka sauti.

Nikamuuliza Ruthu tangu lini. Akasema mwezi wa sita.

Miezi miwili, jamani! Na vile vifurushi? Ruthu akaangalia chini, akasema nikamuulize Evarista. Nikambana mpaka akasema. Mke wangu alikuwa ananunua mlenda sokoni na kuufunga kwenye vipande vya khanga ya mama, ili nidhani umetoka nyumbani. Kila Jumanne akiniaga anaenda kwaya, alikuwa anakuja huku kumwogesha mama.

Vifurushi vya mwanzo navyo vilikuwa na mchanga wa hukohuko sokoni, kwa hiyo mimi nilikuwa nakula na kushukuru. Nilijiona bwege. Mke wangu na dada yangu, watu ninaowaamini kuliko wote, walikuwa wananichezea mchezo kwenye sahani yangu.

"Sauti imekatika lini?"

"Jumanne. Kiharusi kimempiga tena. Kabla ya hapo alikuwa anaongea vizuri tu, kaka."

Siku tano. Nimechelewa siku tano kuzungumza na mama yangu.

Nikamfokea Ruthu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaniacha nimalize.

"Mama ndiye alituapisha," akasema. "Hata mimi niligoma mwanzoni."

"Kwa nini anifiche mimi?"

Akanyoosha kidole kwenye mkono wangu wa kushoto.

Mwaka jana mtungi wa gesi ulilipuka karakana, nikaungua mkono, nikalazwa wiki tatu. Nilimkataza Evarista kumwambia mama. Nikamwagiza aseme nimepata kazi Singida. Mama akaombea safari yangu wiki tatu nzima. Krismasi nilipoenda kumsalimia, nilivaa shati la mikono mirefu nikajua nimeua soo, hatagundua kitu.

"Aliliona kovu ulipokuwa unanawa," Ruthu akasema. "Alilia jikoni. Alipoanguka mwezi wa sita akasema, 'Elisha asiambiwe. Yeye alitaka nisimuuguze, na mimi sitaki aniuguze.'"

Nikakaa pembeni ya kitanda. Mama akanyoosha mkono ulio mzima, akanipandisha shati, akaweka kiganja juu ya kovu. Alikuwa analia. Sijui kama ananisamehe au ananiomba msamaha, na siwezi tena kumuuliza.

Mimi na Evarista bado hatuongei vizuri. Ananiambia alitii alivyoagizwa, kama alivyonitii mimi nilipokuwa hospitali. Hasira ninayo bado.

Wewe unayesoma, ukiumwa waambie wenzako. Mimi nilidhani namlinda mama, kumbe nilikuwa namwonyesha jinsi ya kunifanyia mimi.

Jumapili ile Ruthu alikuta mlenda wa mama wa mwezi wa tano, chini kabisa ndani ya kopo. Tuliupika siku ile ile. Ulikuwa umejaa mchanga, na nimeumaliza wote.