Fletcher wa Kisauni

Wenzangu mliozaliwa miaka ya sabini, bila shaka mnakumbuka safari za Ughaibuni zilivyokuwa. Yangu ilianza kwa basi la Mombasa kwenda Nairobi, ikakwama majuma matano nyumbani kwa ajenti, vijana kumi na wawili tukilala sebuleni tukingoja viza. Kisha tukapaa hadi Addis Ababa, tukashinda kutwa uwanjani tukiogopa hata kwenda msalani tusije tukaachwa. Tulipotua Doha, afisa alifungua pasipoti yangu, akasoma Fletcher, akachungulia nyuma yangu kumtafuta Mzungu mwenye nayo.

Kwetu Kisauni hakuna aliyeshangaa. Kijiji kizima cha misheni tuliitwa kina Baker, kina Jones, kina Fletcher, na mhogo wa nazi tulikula kama majirani zetu. Jina lilianza na babu wa baba yangu. Alitekwa bara akiwa mtoto, akauzwa, meli ya Waingereza ikamkomboa baharini, akaletwa misheni. Siku hizo mtu wa Ulaya aliyejitolea kutuma pesa za kumtunza mtoto ndiye aliyemchagulia jina. Basi Fletcher mmoja, ambaye hakuwahi kumwona babu wala kukanyaga Mombasa, akampa lake. Akawa Henry Fletcher, nasi sote tukafuata.

Enzi zetu, kila Jumatatu ya Pasaka ukoo ulikutana makaburini. Asubuhi tulifyeka nyasi, tukapaka chokaa mpaka kope zikawa nyeupe. Upande wa pili wake za baba zetu walikuwa wanachoma mahamri, na mbaazi za nazi zilinukia hadi ukasahau kwamba umesimama juu ya marehemu. Kazi ikiisha, Shangazi Keziah, dada mkubwa wa baba, aliwaita wa damu wasimame mstari. Alianza kwetu wadogo akapanda juu: huyu wa Stefano, Stefano wa Yohana, Yohana wa Henry. Hapo aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo, akalitamka jina ambalo Henry alipewa na mamaye kabla ya kuuzwa. Alilisikia kinywani mwa babu yake mwenyewe. Halikuandikwa popote, kwa kuwa babu aliapa kwamba makaratasi yalishamnyang'anya mengi. Lilitamkwa mara moja kwa mwaka, mahali hapo tu.

Nasi kila mwaka, akifika kwa Yohana, tulikuwa tumeshachomoka kwenda kucheza mpira wa makaratasi nyuma ya kanisa. Shangazi hakutukimbiza. Alisema tu, "Kimbieni. Iko siku mtalitaka, na mimi sipo." Tulicheka. Nani anataka jina la pili, na lile la kwanza lenyewe mwalimu analitumia kukuitia fimbo?

Doha nilikuwa mlinzi wa mlangoni katika hoteli moja ya Al Sadd. Siku moja mgeni wa Kiingereza, mzee mwenye fimbo, alisoma kibandiko changu cha jina akasimama. Yeye pia alikuwa Fletcher. Alinieleza kwa furaha kwamba ni jina la kazi. Zamani sana, wafalme wao wakipigana kwa pinde, fletcher ndiye aliyetengeneza mishale na kuifunga manyoya, na neno lenyewe lilitoka kwa Wafaransa. Yeye alikuwa amewafuata wazee wake katika vitabu vya kanisa vizazi kumi na viwili. Akaniuliza wangu walitoka wapi. Nikasema Mombasa. Akauliza, na kabla ya hapo?

Baba na ndugu zake wa kiume wote walikuwa wamekufa, na binamu yangu Daudi alikuwa kipa wetu kule nyuma ya kanisa. Aliyebaki na jina ni Shangazi peke yake. Chumbani kwetu Industrial Area, Wafula wa Bungoma alinitania, "Lodi Fletcher, umeambiwa una mishale, sasa usingizi umekimbilia wapi?"

Haukupita mwezi, Daudi akapiga simu: Shangazi hainuki kitandani. Nikaomba apewe simu, nikamsihi anitajie lile jina.

"Lameki mwanangu, lile si la kwenye simu," alisema, pumzi zikikatika. "Njoo ukanyage hapa. Nitakungoja."

Nikajaza fomu ya likizo ya dharura: mama ni mgonjwa. Aliyekulea ni mama, sikuona uongo. Lakini mandubu, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia makaratasi yetu, alifungua faili akakuta nilikwenda kumzika mama miaka miwili nyuma. Akaniuliza kama amefufuka. Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu shangazi ni baba aliyevaa kanga. Akasema kampuni inamtambua mama mmoja kwa kila mfanyakazi.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, tukitoka kanisani Mesaimeer, Wafula alitikisa kichwa. "Si ungeandika nyanya, bwege wewe. Nyanya hata wawili wanakubalika."

Nikaamua kuacha kazi kabisa. Hata hapo hutoki bila khuruji, kibali cha kuondoka chenye sahihi ya kafili wako, yaani mwenyeji aliyekudhamini, na kafili alikuwa safarini nje ya nchi. Siku kumi na tisa nilimwendea mandubu kila nikitoka zamu. Sahihi ilipatikana Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuwa nakunja shuka Daudi alipopiga. Alisema Shangazi ametutoka usiku.

"Alikuambia?" nikauliza.

"Nilimwomba mara tatu. Alisema anakungoja wewe."

Siku hizi vijana wetu huandika Fletcher kwenye simu, na kabla hujameza mate wameshajua mishale, Wafaransa, hata ngao ya ukoo yenye simba. Mwaka jana walitaka tuichapishe kwenye fulana za Pasaka. Na makaburini wanatulia kuliko sisi, vichwa vimeinama, ingawa vimeinamia simu. Sisi jina lilitamkwa hatua thelathini kutoka golini petu, masikio yetu yakiwa mazima. Hawa wangekaa wakasikiliza, hata wakarekodi, lakini sasa anayehesabu ni mimi, nami nikifika kwa Henry nainama, naweka kiganja, kisha nainuka.

Alhamisi ile ya safari ya kurudi Wafula alinisindikiza hadi mlango wa uwanja wa ndege, hakunitania. Kwenye dirisha afisa alifungua pasipoti, akalisoma jina kwa sauti, akanitazama usoni, akalisoma tena kama anayeuliza.

Nikaitika. Sikuwa na jingine.