Mamangu Alipoacha Kufukiza Udi

Mwanangu, Alhamisi moja ya ujana wangu ninaikumbuka kwa harufu iliyokosekana. Nilipanda ngazi za nyumba ya wazazi wangu hapa Mji wa Kale, mtoto wangu wa kwanza nimempakata, nikafika hadi chumbani bila kunusa udi. Wewe hukulelewa nyumba ile, kwa hiyo nikueleze. Kila Alhamisi jioni mamangu alitia makaa ya moto kwenye chetezo, akaweka udi juu yake, akafukiza nguo za babangu, shuka na mito. Hakuna aliyetamka maana ya jambo hilo, lakini sote tuliijua: mke anayemfukizia mumewe yuko radhi naye. Akiacha, basi ana neno moyoni.

Nilidhani udi umekwisha. Juma la pili nikadhani amesahau. Majuma yakapita, chetezo kikabaki juu ya kabati na vumbi lake, na mamangu, mcheshi kuliko wanawake wote wa mtaa wetu, akawa mkali hata kwa paka. Alitandika mkeka chini ya dirisha akawa analala hapo peke yake. Ukimuuliza, anasema chumba kina joto. Nami nikajiuliza, Mombasa lini hakukuwa na joto?

Babangu, aliyekuwa akiuza viungo Marikiti, alikuwa mpole kupita kiasi. Hakuuliza. Alichukua mto wake akashuka kulala sebuleni. Kisha siku moja, akinipimia bizari nipeleke nyumbani, akaniambia bila kunitazama kwamba anafikiria kuhamia kwa ndugu yake kule Makupa, ampe mamangu nafasi. Watu waliooana wakiwa vijana, wakazaa pamoja na kuzika pamoja, leo ananiambia hayo huku anafunga karatasi ya bizari. Niliogopa sana, mwanangu, na sikujua nimwendee nani.

Nami nilikuwa na langu. Mtoto alikuwa bado mchanga, na mume wangu na mimi tulikuwa tumekubaliana nidungwe sindano ya kupanga uzazi tupumue kidogo. Mamangu sikumwambia, kwani kila akimbusu mjukuu wake alikuwa akimwombea mdogo wake aje upesi. Zahanati ya karibu sikuithubutu. Katika Mji wa Kale, ukipiga chafya chumbani kwako, wa kukuombea rehema hujibu kutoka nyumba ya jirani. Nikaenda zahanati moja ya Majengo, uso nimeufunika.

Benchi lilikuwa limejaa. Nikabanana na mama mmoja aliyejifunika kama mimi, anajipepea kwa nguvu hata nami nikapata upepo wa bure. Nikakitazama kipepeo chake. Kilikuwa na pindo la kitambaa chekundu, na pindo lile nilikuwa nimemshonea mamangu kwa mkono wangu.

Nikainuka niondoke. Akanishika mkono bila kugeuza shingo.

"Kaa, mwanangu. Nimekujua kwa viatu tangu waingia."

Nikakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Tukacheka wote wawili hadi nesi akatutazama vibaya. Hapo ndipo tulipoambiana. Nilimweleza habari za sindano. Naye akanieleza kwamba siku zake za mwezi zilikuwa zimevurugika, mara zaja, mara zatoweka, na kwamba joto lilikuwa likimtoka kifuani likapanda hadi kichwani akaloa jasho mwili mzima. Usingizi hapati. Makaa ya chetezo hawezi hata kuyakaribia. Kumwambia babangu aliona haya. Aliona akisema tu, atakuwa amejitangaza kwamba amezeeka.

Nikamwambia habari za Makupa. Kipepeo kikasimama.

"Hebu tazama," akasema polepole. "Weye wanificha sindano, miye nakuficha joto, na babako yuwanificha huzuni. Na sote twala sinia moja."

Daktari, mwanamke wa bara mwenye sauti ya taratibu, alikubali kutuona pamoja. Mamangu alikuwa akihofu kwamba damu isiyotoka inamjaa tumboni. Daktari akamwambia haijai popote. Umri ukifika, mwili hupunguza homoni za kike, na kabla hazijatulia hupanda na kushuka ovyo, na joto lile latokana na hayo. Kwangu vilevile, sindano ikisimamisha hedhi, hakuna damu inayokusanyika. Akampima presha, akamuuliza kama aliwahi kugandwa na damu miguuni au kuwa na uvimbe wa titi, akamchunguza, ndipo akamwanzishia vidonge vya homoni. Alimwambia havimfai kila mwanamke, na kwamba lazima arudi atazamwe. Akamwonya pia kuwa vidonge vile havizuii mimba, na maadamu hedhi bado inakuja na kwenda, anaweza kuipata.

Mamangu akanigeukia. "Basi huyo mdogo wa mwanao, kidogo nimzae miye."

Vidonge havikufanya kazi siku ile. Lakini jioni ileile mamangu alimwita babangu kutoka sebuleni, wakazungumza. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, na masikio sikuyaziba.

"Miye nalidhani umenichoka," babangu akasema alipokwisha kumsikiliza.

"Nimechoka na moto," mamangu akamjibu. "Weye sijakuchoka."

Babangu alipanda juu ya kiti, akashusha chetezo, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kikoi chake. Akatia makaa, akaweka udi mwingi mno, kwa kuwa hajapata kufukiza maishani mwake, na moshi ukatukohoza sote. Mamangu alikaa mbali, dirishani, na kipepeo chake, anamwelekeza: shuka kwanza, mito baadaye. Tangu siku ile kazi hiyo ikawa yake. Hata joto lilipompungua mamangu miezi ya baadaye, babangu alikataa kumrudishia chetezo.

Sasa zamu ya joto lile ni yangu, na kipepeo unachokiona mkononi mwangu ni kilekile. Somo wako alikufundisha usichana ulipoingia, lakini sidhani kama alikwambia kuwa iko siku hedhi hukoma. Basi nakwambia mimi. Ukiona mwili umebadilika, nenda kwa daktari kabla hujajipa jibu mwenyewe. Ukitaka kupanga uzazi, uliza njia inayokufaa, na usiiache kwa maneno ya barazani. Hedhi ikishakoma mwaka mzima kisha damu ikatoka tena, usingoje kesho. Na mumeo mwambie kwa kinywa chako. Babangu nusura ahame nyumba yake kwa sababu ya moshi usiokuwapo.

Nakuombea Mungu akupe afya katika kila umri, akupe mume wa kukuuliza una nini, na ulimi wa kumjibu. Na siku makaa yatakapokushinda, mwanangu, awepo wa kukushikia chetezo. Amina.